Kwa Mama Mbinya, Majibu ya Maabara

Mama Mbinya,
nimekuletea karatasi. Haisomeki kirahisi.
Hata mimi nilisomewa mara tatu
na kijana wa maabara, Lemayian,
aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma nyuma ya dirisha
na kufuta kidole kabla ya kugusa jina langu.

Unamkumbuka baba, Kilonzo wa reli,
nyumba ya tatu kutoka bombani, Makongeni.
Alhamisi aling'olewa gego kule Shauri Moyo.
Ijumaa mdomo ulikuwa mkate uliozidi hamira.
Jumamosi alfajiri koo likaziba.
Alikufa ameketi, mkono umeshika kola
ya shati nililolishona mimi.

Na wewe Jumatano ulikuwa umetuletea maharagwe.

Ikawa basi.
Sufuria yako ilirushwa nje, ikalala mtaroni
hadi mvua za Aprili zikaisomba.
Shangazi Syombua alitema mate mlangoni pako.
Watoto tulifundishwa kukuzunguka kama shimo la choo.
Miaka ishirini na mitatu ulipanga foleni ya maji
na hakuna aliyesimama nyuma yako.
Nami nilizunguka. Siwasingizii wakubwa:
nilikuwa na mtoto mgongoni, nikazunguka.

Kisha nikavimba mimi.
Kwanza mkono, baada ya kutwa nzima
kukata kitambaa cha sare za shule;
kidole gumba kikawa kiazi.
Hakikuwasha. Hakikuwa na kipele hata kimoja.
Halafu tumbo: nikapasuliwa,
wakakuta kidole tumbo kizima kabisa, wakanishona.
(Mshono wenyewe mbaya. Ningewafundisha.)
Halafu midomo, na dawa za mzio, na sindano juu ya sindano,
kumpigia mbuzi gitaa.

Lemayian alinieleza hivi.
Damu ukiiondolea wekundu hubaki utegili,
maji ya manjano, rangi ya mafuta ya alizeti.
Humo mna vimeng'enya vinavyokata,
na lazima vikate, la sivyo hatuishi.
Humo pia mna protini moja ya kuvizuia.
Haipigani. Inajitoa ikatwe,
na ikishakatwa inajifumba ghafla, imeng'ang'ania mkasi,
vinakufa vyote viwili.
Yangu ni haba. Ilivyoandikwa katika jeni
imekosewa mahali pamoja, tangu kwa baba.
Basi mkasi unakata tu, hakuna wa kuushika,
mishipa inavuja,
mwili unajaa usiku kama ndoo iliyosahauliwa bombani.
Gego lilitosha kumwamsha. Gego tu.

Nikamuuliza: na maharagwe?
Akasema: maharagwe gani?

Nilikaa kwenye benchi pale Kenyatta
hadi mlinzi akaja kufunga.

Dawa yenyewe haipatikani, na ikipatikana
ni bei ya ng'ombe, wala si mmoja.
Usiku koo lilipoanza kubana
walinitundikia mfuko wa utegili uliogandishwa,
wa mtu nisiyemjua.
Kizuizi chake kikaingia mshipani mwangu
bila kuuliza mimi ni wa nani.
Kulipokucha nilimeza mate. Yalipita.
Sijawahi kufurahia mate namna hiyo.

Mwanangu Kavata atapimwa Januari.
Ni shilingi iliyorushwa juu, haijaanguka.
Sitaki, ikianguka vibaya,
aanze kuhesabu majirani.

Shangazi anasema hata karatasi hurogwa.
Nimemwacha na lake.

Nimekuja na sufuria. Si ile.
Hii ni ya Gikomba, kifuniko chake hakikai sawa.
Kilo mbili za maharagwe, mabichi, sijayachambua.
Siombi unisamehe leo, mlangoni, nimesimama.
Bandika ukipenda, utakapopenda.
Ukipakua, niite.
Nitakula.